Watolo na Watoro

Kiilu alikuja Mtito Andei na brashi zake kwenye mfuko wa sukari, kopo la rangi ya kijani alilopewa na mafundi wa mabasi, na uongo wa kutosha kijiji kizima. Kwao ni Kanyangi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alifukuzwa na kanisa la huko kwa kumchora Nabii Eliya akipaa mbinguni kwa basi.

"Tena si basi tupu," alikuwa akisema kwa fahari. "Lilikuwa na abiria, na kuku kwenye keria juu ya paa."

Mimi naitwa Mumbua. Siku hizo nilikuwa nasukuma chapati kwa Mutindi, katika hoteli iliyokuwa upande wa kushoto wa barabara ukielekea Mombasa. Upande wa pili, mlango ukitazama mlango, ilikuwa hoteli ya Wanjiro, mjane aliyetoka Kiambu na sufuria zake na binti yake Nduta. Mutindi alipika isyo, Wanjiro alipika githeri, na vyote viwili ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Lakini ungemwambia hivyo mmoja wao, ungepigwa mwiko.

Hawakuwa wakisalimiana. Mutindi alimwita Wanjiro "yule wa ng'ambo." Wanjiro alimwita Mutindi "jirani," kwa sauti ambayo mtu hutumia akisema "kunguni."

Basi Mutindi alitaka simba. Hoteli nyingi za Mtito zilikuwa na simba ukutani kwa sababu ya mbuga ya Tsavo, na yeye hakutaka kuachwa nyuma. Kiilu akakubali kazi bila kusema kwamba maishani mwake hajawahi kuchora simba. Yule aliyetoka alikuwa kama mbuzi anayeumwa na jino.

"Futa," Mutindi akasema.

Rangi ya mafuta haifutiki hivi hivi. Kiilu akaivuta shingo ya yule mnyama juu mpaka karibu na mabati, akayageuza manyoya ya shingoni yakawa masikio makubwa ya kuning'inia kama majani ya sukuma wiki, akamsimamisha kwa miguu miwili na kumpa bakuli la supu. Pua hakuweka, kwa sababu hakujua kuchora pua. Kufikia jioni ukuta mzima ulijaa watu wa kijani wenye shingo ndefu, wanakunywa supu kwa furaha.

"Na hawa ni akina nani?" Mutindi akauliza, mikono kiunoni.

Kiilu akapangusa brashi kwenye suruali. "Hawa, Mama? Hawa ni Watolo."

"Watolo wa wapi?"

Kiilu akaangaza macho huku na huku, yakatua kwenye vilima vya Chyulu. "Wanakaa chini ya yale mawe meusi ya Chyulu. Huko chini wako na nchi nzima. Mito, masoko, kila kitu. Babu yangu aliwaona."

Nilikuja kujua baadaye kwamba babu yake alikuwa kipofu.

Mutindi alikuwa amefungua mdomo amfukuze, lakini madereva wawili wa malori waliokuwa wakipita wakasimama, wakacheka mpaka wakashika magoti, kisha wakaingia kula. Mutindi akafunga mdomo. Kabla ya mwezi kuisha hakuna aliyekuwa akiitaja hoteli yetu kwa jina lake. Watu walisema, "Tukutane kwa Watolo," na Kiilu akawa anakaa kwenye benchi karibu na mlango, anakula na kujibu maswali.

Nchi ya Watolo, alisema, haina jua, kwa hivyo hakuna mtu anayeamshwa asubuhi. Mtoto huzaliwa mzee, na kadiri anavyokua ndivyo anavyopunguza ubishi. Chifu wao ni yule anayepiga chafya kwa nguvu kuliko wote.

"Wanapigaje chafya bila pua?" mtu akauliza.

"Kwa masikio," Kiilu akajibu bila hata kuacha kutafuna. "Ndiyo sababu yanahitaji kuwa makubwa."

Kati ya wateja wetu kulikuwa na mzee mmoja wa Mombasa, dereva wa lori la saruji, jina lake Athumani. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye Kiswahili kilichonyooka, na alisikiliza hadithi za Kiilu kama mtu anayesikiliza kesi.

"Hebu niambie, bwana," akauliza siku moja. "Hao Watolo maji wayatoa wapi?"

"Maji wako nayo mengi sana, mzee. Wakishaosha vyombo wanayamwaga, na yanatokea Mzima."

Athumani akaweka kikombe chini polepole. Sisi sote tulijua kwamba maji ya chemchemi za Mzima huenda kwa bomba mpaka Mombasa.

"Yaani sisi Mombasa nzima twanywa maji ya kuoshea vyombo?"

"Pole, mzee."

Hizi habari hazikuchelewa kuvuka barabara. Wanjiro alivumilia kuona malori yakiegeshwa upande wetu kwa muda, halafu akamtuma Nduta amwite Kiilu. Mimi na Nduta tulikuwa tukichota maji kwenye mfereji mmoja, hata kama wakubwa wetu walikuwa hawaongei, kwa hivyo alinisimulia yote.

"Kiiru," Wanjiro akasema, "nasikia umechorea jirani watu. Mimi pia nataka. Nichoree Watoro."

"Watolo," Kiilu akamsahihisha.

"Ndiyo. Watoro."

Lazima nieleze hapa. Wanjiro, kama wengi wa kwao, hakuelewana na herufi L. Lori kwake ilikuwa rori. Na Mutindi, kama wengi wa kwetu, hakuwahi kutembelewa na R. Barabara kwake ilikuwa balabala. Ungewaunganisha hao wawili ungepata mtu mmoja anayejua Kiswahili. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hivyo nazitamka zote mbili, ila nikikasirika inabaki moja.

Rangi ya kijani ilikuwa imeisha. Kiilu alikuwa na bluu iliyosalia baada ya kupaka kituo cha petroli, basi watu wa Wanjiro wakawa wa bluu. Ili asiambiwe ameuza kitu kimoja mara mbili, aliyakunja masikio yao kama chapati. Vidole alivichora kwa haraka maana githeri ilikuwa imeshapakuliwa, vikatoka vinne kila mkono. Wale wetu walikuwa na sita, kwa sababu siku ile hakuhesabu. Mengine yote yalifanana, shingo, bakuli, kukosa pua, kwa kuwa Kiilu alijua kuchora mtu mmoja tu duniani. Juu ya mlango akaandika kwa herufi kubwa: HOTELI YA WATORO. KARIBUNI WOTE.

Asubuhi Mutindi alipofungua dirisha, alipiga kelele nikadhani ameumwa na nyoka.

"Ameniibia watu wangu!"

"Hapana, Mama," Kiilu akamwambia, huku akirudi nyuma hatua kwa hatua. "Hao ni wengine kabisa. Wako ni Watolo. Wale ni Watoro."

"Nimesikia! Watolo na Watolo!"

Mzee Athumani alikuwa hapo anakunywa chai ya asubuhi. Aliona ni wajibu wake kusaidia, na hapo ndipo alipoharibu kila kitu.

"La, mama, tofauti ipo," akasema. "Mtolo mimi simjui. Lakini kwa Kiswahili mtoro ni mtu aliyetoroka kwao."

Uso wa Kiilu uling'aa kama wa mtu aliyeona kuku ameingia sufuriani mwenyewe. "Umesema kweli, mzee! Hawa wa ng'ambo walikuwa Watolo zamani. Halafu wakatoroka."

"Walitoroka nini?" tukauliza karibu sote.

Kiilu akasema hiyo ni hadithi ndefu na yeye hajakula.

Lakini Mutindi hakumngojea. Mchana huo huo alikuwa akiwaambia wateja kwamba Watoro walitoroka kwa sababu waliiba sufuria kubwa ya Watolo, ile ya supu. Habari ikavuka barabara, ikarudi ikiwa na majibu: Wanjiro alisema Watoro walitoroka kwa sababu kule kwa Watolo chakula kilikuwa hakiliki.

Kuanzia hapo hatukupata amani. Mutindi alimwagiza Kiilu achore Mtoro akikimbia na sufuria. Wanjiro akamwagiza achore Mtolo akitapika. Kiilu alifanya kazi zote mbili, akila asubuhi upande huu na jioni upande ule, akaota kitambi na mashavu. Na madereva nao wakagawanyika. Ungesikia mtu mzima, baba wa watoto, akisema, "Mimi ni Mtoro damu," huku anapiga kifua.

Mezani hakukuwa na mazungumzo mengine. Mtolo akikuahidi kitu, walisema, atakuja, lakini atakuja kesho kutwa. Mtoro atakuja leo, ila atakuwa amesahau alikuahidi nini. Watolo ni wa kijani kwa sababu ya kuota ukungu wakingoja mambo yawe mazuri. Watoro ni wa bluu kwa sababu walitoroka wamezuia pumzi wasisikike, na rangi ikabaki. Mtolo akioa, lazima ambebe mama mkwe mgongoni azunguke naye soko zima. Kwa Watoro ni mama mkwe anayembeba bwana harusi, na akimwangusha, ndoa imevunjika na mbuzi hawarudishwi.

"Na vidole?" Athumani akauliza. Alikuwa ameanza kula upande huu akienda Nairobi na upande ule akirudi, apate ushahidi wa pande zote.

"Watolo wako na sita kwa sababu wanapenda kupokea," akajibu dereva mmoja wa upande wa Wanjiro.

"Wale wa ng'ambo wako na vinne kwa sababu walibanwa na mlango wakitoka na sufulia ya watu," Mutindi akajibu kutoka jikoni.

Kisha Pasta Nzioka akaja. Alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la mabati nyuma ya kituo cha petroli, mtu mwembamba mwenye tai ya msimu wote. Alisimama mbele ya ukuta wetu akiwa ameshika Biblia kifuani.

"Kiilu, nijibu mbele za Mungu. Hawa walikuwa ndani ya safina ya Nuhu?"

"Hapana, Pasta."

"Basi waliponaje?"

"Walipita chini. Mafuriko yalikuwa juu."

Pasta akafikiri. Akaketi. Akaagiza chai. Siku iliyofuata alirudi na maswali mengine, na siku iliyofuata tena, na nilimwona akivuka kwenda kwa Wanjiro kuwaangalia wale wa bluu kwa karibu. Jumapili akahubiri. Alisema Mtolo anaweza kuokoka, ila itachukua miaka, na ukimharakisha atalala. Mtoro yeye anaokoka mara moja, tena kwa machozi, lakini anaokoka hivyo kila mkutano wa injili unapokuja mjini. Kanisa lilicheka, halafu kila mtu akaanza kuwatazama majirani zake kwenye viti. Sadaka ya siku hiyo ilikuwa nzuri.

Vita vilianzia kwetu, na vilianzishwa na swali la maana. Tanboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori aitwaye Kiema, aliuliza kama Mtolo na Mtoro wanaweza kuzaa.

"Wanaweza," Kiilu akasema. "Ni watu wale wale."

"Mtoto atakuwa na vidole vingapi?"

"Sita na vinne... tia katikati. Vitano."

Nilikuwa na chapati juu ya karai ikaungua, kwa maana hata mimi nilikuwa nimeinua mkono wangu nauangalia. Watu wote waliangalia mikono yao. Athumani aliigeuza yake pande zote mbili.

"Kwa hivyo," Kiema akasema polepole, akimwangalia tanboi mwenzake aliyekaa mbele yake, "mama yako alikuwa Mtoro."

Benchi la kwanza liliruka kabla hajamaliza neno. Waliotoka kwa Wanjiro kuja kuamua ugomvi hawakuamua, walichagua upande. Supu ilimwagika, kioo cha dirisha kikavunjika, mtu akapigwa kwa mguu wa ng'ombe uliokuwa bado haujaiva. Walipochoka kwetu wakavuka barabara wakaendelea kwa Wanjiro, kwa sababu huko viti vilikuwa bado vizima.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Mwaka uliotangulia kulikuwa na ile fujo ya wanajeshi Nairobi walipotaka kuipindua serikali, watoro wao walikuwa bado wakisakwa, na kila chifu nchini alikuwa akilala jicho moja wazi. Chifu wetu, Ndululu, alifika asubuhi na askari wake wawili na kofia yake ngumu. Alizitazama hoteli zote mbili, vioo na mabenchi. Kisha akainua macho akasoma maandishi juu ya mlango wa Wanjiro. Alisoma kwa sauti. Alisoma mara ya pili.

"Mama," akasema, "umewakaribisha watoro wote?"

"Hao si watoro wa serikari, Bwana Chifu," Wanjiro akasema. "Ni wa rangi."

"Wa rangi gani?"

"Ya bruu."

Chifu akamgeukia Kiilu. "Wewe ndiye uliyewachora. Kati ya hawa wa kijani na hawa wa bluu, wanaounga serikali mkono ni wapi?"

"Wote, Bwana Chifu."

"Kama wote wanaiunga mkono, kwa nini wengine walitoroka?"

Kiilu akaangalia vilima vya Chyulu, kisha akaangalia barabara ya Voi. Chifu akatia kufuli hoteli zote mbili, akasema zitakaa hivyo mpaka atakapoelezwa tofauti ya hao watu ni nini na walitoroka nani. Lori la kwanza lililopita likielekea Voi lilimbeba Kiilu akiwa amening'inia nyuma, na mfuko wake wa brashi akausahau kwenye benchi.

Siku iliyofuata harufu ya nyama yetu ilikuwa imefika barabarani. Mutindi alikaa kwenye ngazi ya hoteli iliyofungwa, kidevu mkononi. Ng'ambo, Wanjiro alikaa kwenye ngazi yake vivyo hivyo. Walitazamana nusu ya asubuhi. Kisha Mutindi akasimama, akajifunga leso, akavuka barabara. Nilikuwa sijawahi kumwona akivuka pale, miaka yote niliyofanya kazi kwake.

"Wewe, Wanjilo," akasema. "Unajua ofisi ya DO, mkubwa wa chifu?"

"Naijua."

"Basi vaa viatu."

Athumani alikuwa anatoka Mombasa na saruji yake. Akatupakia sote watatu kwenye kabini, Mutindi dirishani, Wanjiro katikati, na mimi juu ya kifuniko cha injini, nikiiva taratibu. Mimi nilichukuliwa niwe shahidi, ijapokuwa kila mmoja alidhani ni shahidi wake. Tulipita Kambu hivyo.

"Tukifika," Mutindi akaanza, akiangalia nje, "tuseme hawa watu ni wa kuchorwa tu. Ni kitu kimoja. Hakuna mambo ya kutoroka."

"Walitoroka," Wanjiro akasema.

"Mama, ni rangi!"

"Ni rangi, lakini walitoroka." Akaunyoosha mgongo. "Na si kwa sababu ya chakula. Hiyo nilisema kwa ubaya. Chakula chako kinalika."

Mutindi akageuza kichwa. "Basi walitoroka nini?"

Wanjiro alikuwa akitazama barabara mbele. Tangu tupande lori sijaandika walivyotamka, wala sitaandika, maana wakati huo hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka.

"Mashemeji," akasema. "Mume wa Mtoro alikufa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakauka, mashemeji wakaja kupima shamba kwa miguu, yeye ameketi pale pale na nguo za matanga, wanamruka. Hawakumsalimu. Halafu mmoja akarudi kumwuliza kama hizo sufuria ataziacha. Akamwambia hapana, hizo alikuja nazo akiolewa, na ataondoka nazo. Akaondoka na mtoto mkononi na sufuria kichwani, nao wakabaki wakimwita mwizi."

Lori likapanda mlima mdogo likilia. Tulipoanza kushuka, Mutindi akamgeukia.

"Kwa hivyo ile sufuria ilikuwa yake."

"Ilikuwa yake."

"Nitaufuta ule mchoro," Mutindi akasema. "Mimi mwenyewe, na kisu." Kisha akaongeza, "Mtolo yeye hakuwa na bahati ya kutoroka. Alitorokwa. Mume alienda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akasema atatuma mtu amchukue. Mtolo akakaa hapo kando ya barabara, maana mtu akitoka Mombasa lazima apitie hapo. Akaona bora auze chai akingoja."

"Na alikuja?"

"Alipita. Kwa basi. Na mwanamke mwingine. Walikunywa soda kwenye dirisha, basi halikuzima hata injini."

Wanjiro akapiga ulimi, ile sauti ya hasira ambayo haihitaji lugha. "Mbwa," akasema.

"Mbwa," Mutindi akakubali.

Mzee Athumani, ambaye alikuwa na nyumba Mombasa na nyingine ambayo hatukuitaja huko juu karibu na Nairobi, alikohoa na kubadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Bwana DO alikuwa kijana mwenye suti iliyomzidi mabega. Alitusikiliza na uso wa kazi, lakini tulipofika kwenye habari ya kupiga chafya kwa masikio alilazimika kuinama akatafuta kitu chini ya meza kwa muda mrefu.

"Sasa, akina mama," akasema alipoinuka, macho yakiwa na machozi, "tofauti yao hasa ni nini?"

Wanawake wale walitazamana. Mwaka mzima walikuwa wameitangaza hiyo tofauti barabara nzima, na sasa wameulizwa na serikali, hakuna aliyeipata.

"Hakuna," Mutindi akasema. "Masikio tu."

"Na rangi," Wanjiro akasema. "Na rangi iriisha tu."

"Vizuri. Shida naona ni majina. Majina mawili yanaleta pande mbili, na pande mbili zinavunja vioo. Chagueni jina moja, liwe la hoteli zote, nami nitamwambia chifu afungue. Mtachukua lipi?"

Niliona Mutindi akimwangalia Wanjiro kwa pembe ya jicho. Akavuta pumzi kama mtu anayebeba gunia.

"Tuchukue la huyu mama," akasema. "Watolo."

"Hapana," Wanjiro akaruka. "Tuchukue ra huyu. Watoro."

Bwana DO akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Mnagombana au mnakubaliana?"

"Tunakubaliana!" wakasema pamoja, kwa ukali.

"Kwa hivyo ni Watolo?"

"Watoro," Wanjiro akasema, akitikisa kichwa kukubali.

"Ee, hilo hilo, Watolo," Mutindi akasema.

DO akanigeukia mimi. Mimi pekee mle ndani nilijua kilichotokea, kwamba kila mmoja alikuwa amemzawadia mwenzake jina, na mdomo wake ukalirudisha nyumbani. Ningeweza kueleza. Lakini niliwaona walivyokaa kwenye lile benchi la ofisi, mabega yamegusana, kila mmoja ameridhika kwamba ameshindwa kwa heshima.

"Wameelewana, Bwana DO," nikasema. "Andika vile unavyosikia."

Akaifunga kalamu yake akaiweka mfukoni. "Nendeni mkapike," akasema.

Chifu Ndululu alifungua makufuli kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu. Siku ya kwanza alikula isyo kwetu, akavuka akala githeri kwa Wanjiro, akisema ni uchunguzi, na uchunguzi huo aliuendeleza mpaka alipostaafu. Kiilu alituma salamu kutoka Voi kwamba amepata kazi ya kuandika majina ya malori, ambayo haihitaji pua. Michoro ikabaki ilivyokuwa, isipokuwa ule wa sufuria, ambao Mutindi aliukwangua kwa kisu mpaka matofali yakaonekana. Wanjiro naye alimpaka chokaa yule Mtolo aliyekuwa akitapika, lakini kwa kuwa chokaa ilikuwa nyembamba, alionekana kama mtu anayetapika ndani ya ukungu.

Sitasema walikuwa marafiki. Walizidi kugombana, ila sasa waligombana kwa majina yao, kwa sauti, kutoka mlango hadi mlango, malori yakipita katikati. Waligombania wateja, moshi, kuku waliovuka. Nduta aliolewa, nami nikaolewa, na bado tuliwasikia tulipokuja kuwasalimia.

Mama yake Mutindi alipofariki, maziko yalikuwa Mbooni, kule juu ambako njia ni kama ngazi isiyo na vidato. Ilikuwa imenyesha. Tulikuwa tumeketi uani, wanawake wa ukoo kwenye mikeka, tuliposikia mtu akitukana mlima kwa Kikikuyu. Wanjiro alitokea kwenye ukingo wa shamba la maharagwe, matope mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi, na mzigo mgongoni umeshikwa na kamba kwenye paji la uso. Alikuwa amefunga hoteli siku ya soko. Alisimama pale akihema, akiwaangalia watu wote wale asiowajua.

Shangazi mmoja mzee akamwuliza Mutindi kwa Kikamba, huyu ni nani, na tumketishe wapi, na wageni au na majirani?

Mutindi alijisogeza kwenye mkeka, akamsukuma dada yake kwa kiuno naye asogee, akapiga kwa kiganja ile nafasi iliyopatikana.

"Kaa hapa," akamwambia Wanjiro. "Na usianze kulia kabla yangu."